Bomu Lililokuwa Tamu

Kwenye filamu, mwanasayansi mwovu hatafutwi, anajitangaza mwenyewe. Nywele timtim, kicheko kinasikika hadi barabarani, na kabla hajabonyeza kitufe ni lazima amsimulie mateka wake jinsi maangamizi aliyoyaandaa yalivyo kazi ya sanaa. Anachekesha kuliko anavyotisha. Pengine ndiyo maana tunampenda: ukimwona, una hakika kwamba wewe si yeye, wala mwalimu wako wa fizikia si yeye.

Sasa msikilize mtu mwingine. Ni Aprili 1954, mjini Washington. J. Robert Oppenheimer, aliyeongoza maabara ya Los Alamos yalikoundwa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, ameketi mbele ya jopo linalochunguza kama bado anafaa kuaminiwa na siri za serikali. Hacheki. Ni mtu mwembamba, mpenzi wa mashairi, aliyewahi kujifunza Kisanskriti kwa raha zake. Anaulizwa kuhusu bomu la haidrojeni, na katika kujibu anasema kwamba ukiona jambo ambalo kiufundi ni tamu, unalifanya tu. Mabishano ya lifanyiwe nini yanakuja baadaye, ukishafanikiwa.

Neno alilotumia kwa Kiingereza ndilo hilihili letu. Tamu kama sauti ya mwimbaji wa taarabu, tamu kama pasi iliyopenya katikati ya mabeki wanne.

Kauli hiyo imesomwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema ni ukweli wa kawaida wa kila fundi, na kumhukumu mtu kwa kuipenda kazi yake ni uonevu. Wapo wanaosema hapo ndipo penye kesi yenyewe, kwamba mtu akishaanza kuuonja utamu wa kitu kinachochoma miji, swali la mema na mabaya limeshachelewa. Kundi hili la pili huonekana ni la watu wa hisia wasioijua fizikia. Nadhani halijasikilizwa vya kutosha.

Lakini haki itendeke, tuanze na watetezi, maana hoja zao si nyepesi. Kupasuka kwa kiini cha urani, ambako ndiko msingi wa bomu la atomu, kuligunduliwa Berlin, Desemba 1938, chini ya utawala wa Hitler. Miongoni mwa waliokwenda Los Alamos walikuwamo Wayahudi wengi waliokimbia Ulaya, na hofu kwamba Wajerumani wangelipata bomu kwanza ilikuwa hofu ya watu walioacha ndugu nyuma. Pia, furaha ya kazi si dhambi. Daktari mpasuaji akishona mshipa mwembamba kuliko uzi naye hufurahia mkono wake, na hatumwiti mwovu. Halafu kuna hoja ya tatu, ambayo ndiyo inayonisumbua zaidi: uovu haujawahi kuhitaji uzuri. Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, ndege za Marekani ziliimwagia Tokyo mabomu ya moto na kuua watu wapatao 100,000, bila atomu hata moja kupasuliwa. Rwanda mwaka 1994 kazi ilifanywa sana kwa panga. Hakuna aliyelisifia panga kuwa tamu kiufundi. Nitairudia hoja hii.

Hadithi ya jaribio la kwanza, la Julai 16, 1945 katika jangwa la New Mexico, inajulikana, na maneno ya Kihindu ambayo Oppenheimer alisema yalimjia kichwani yamerudiwa mno. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mtu mwingine. Jenerali Thomas Farrell, msaidizi wa mkuu wa mradi, aliandika ripoti ya kijeshi ya alichokiona saa kumi na moja na nusu alfajiri ile. Huyu alikuwa mhandisi wa ujenzi. Ripoti yake inataja rangi kama mtu anayechagua kanga: dhahabu, zambarau, urujuani, kijivu, buluu. Anasema mwanga uliangaza kila kilele na kila ufa wa milima kwa uzuri usioelezeka, uzuri ambao washairi wakubwa huuota na kushindwa kuusema. Siku hiyohiyo, mwanafizikia aliyesimamia jaribio, Kenneth Bainbridge, alimwambia Oppenheimer kwamba sasa sote tumekuwa wanaharamu.

Watu wawili, moto mmoja. Simlaumu Farrell kwa kuwa na macho. Ila angalia ni nani kati yao aliyekwisha kufikiria wapi moto ule ungetua.

Na utamu wa kazi unaweza kulifunika lile tarajio la mwanzo kabisa. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945, na kwa hiyo sababu iliyowapeleka wengi Los Alamos ikafa. Kazi haikupungua, iliongezwa kasi. Richard Feynman, kijana hodari wa pale, alikiri baada ya miaka mingi kwamba wakati ule hakukumbuka hata kujiuliza tena kwa nini bado anafanya anachofanya. Joseph Rotblat, mzaliwa wa Poland, alijiuliza. Mwishoni mwa 1944, ilipodhihirika kwamba Wajerumani hawana bomu, alifunga mizigo akaondoka. Mwaka 1995 alipewa Nobel ya Amani. Los Alamos ilikuwa na maelfu ya watu, na kila anayetafuta mwanasayansi aliyetoka kwa dhamiri katikati ya kazi huishia kulitaja jina hilo moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo siwezi kuliacha, na wasomaji wanivumilie nikilizunguka.

Oktoba 1949, miezi miwili hivi baada ya Urusi ya Kisovieti kujaribu bomu lake la kwanza, kamati ya wanasayansi iliyoishauri Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani iliulizwa kama litengenezwe bomu la haidrojeni, lenye nguvu isiyo na kikomo. Mwenyekiti alikuwa Oppenheimer. Wajumbe wanane waliokuwepo wote walikataa. Walio wengi, naye akiwemo, waliandika kwamba bomu hilo lingeweza kuwa silaha ya mauaji ya kimbari. Enrico Fermi na Isidor Rabi waliandika maoni yao pembeni, makali zaidi: ni kitu kiovu kwa namna yoyote utakavyokitazama. Hayo si maneno ya watu wasio na dhamiri.

Ila muundo wa bomu uliokuwa mezani mwaka ule ulikuwa mbaya pia kwa maana nyingine. Wazo lilikuwa kulilipua bomu la atomu pembeni ya haidrojeni nzito na kuomba moto usambae. Hesabu zilizofuata zilionyesha moto ungezimika. Oppenheimer mwenyewe baadaye aliuita mpango wa 1949 kitu cha kulazimisha, kisicho na mantiki sana kiufundi.

Kisha 1951 mwanahisabati Stanislaw Ulam na mwanafizikia Edward Teller wakaja na wazo jingine. Bomu la atomu linapolipuka, kabla wimbi la mlipuko halijafika popote, miale ya eksirei imeshatangulia kwa kasi ya mwanga. Ukiijengea miale hiyo nyumba inayofaa, italikandamiza fungu la pili la mafuta ya nyuklia na kuliwasha kabla kila kitu hakijasambaratika. Mlipuko unashindwa mbio na mwanga wake wenyewe. Nakiri: nisiye mwanafizikia, nilipoielewa kwa mara ya kwanza nilitabasamu. Ilinichukua kama dakika nzima kukumbuka nilikuwa nikitabasamia nini.

Katika ushahidi uleule wa 1954, Oppenheimer alisema mpango wa 1951 ulikuwa mtamu kiufundi kiasi kwamba hukuweza kuupinga. Weka kauli mbili hizo sambamba. Silaha ni ileile, na miji itakayoungua ni ileile. Kilichobadilika kati ya 1949 na 1951 ni kwamba michoro imependeza. Yaani lilipokuwa limekaa vibaya lilikuwa ovu, na lilipokaa vizuri uovu ukawa jambo la kujadiliwa baadaye. Mtu anabaki kujiuliza: mwaka 1949 walikuwa wanapinga nini hasa? Walikuwa na dhamiri, au walikuwa na mchoro mbaya uliowapa nafasi ya kuisikia?

Watetezi wana majibu. Mwaka 1952 jopo jingine aliloliongoza Oppenheimer lilipendekeza jaribio la kwanza liahirishwe, kwa hiyo hakunyamaza kabisa. Mwanafizikia Hans Bethe, aliyekuwa amekataa kushiriki, alirudi kusaidia, akieleza kwamba jambo likishajulikana linawezekana, Warusi nao watalifikia. Na kweli walilifikia. Andrei Sakharov na wenzake walilipua la kwao la aina hiyo Novemba 1955. Hili ni jibu zito, na mtu anaweza kuishi nalo. Lakini silo alilotoa Oppenheimer pale kwenye kiti. Angeweza kusema tuliogopa. Alisema lilikuwa tamu.

Novemba 1, 1952, jaribio likafanywa katika visiwa vya Enewetak, Bahari ya Pasifiki: megatani 10.4, na megatani moja ni nguvu ya tani milioni moja za baruti ya TNT. Kisiwa cha Elugelab kilitoweka, likabaki shimo la upana wa karibu kilomita 2. Teller hakwenda. Alikaa California, katika chumba chenye giza huko Berkeley, akitazama nukta ndogo ya mwanga ya mashine ya kupimia mitetemo. Kama robo saa baadaye wimbi lilipomaliza kuvuka bahari, nukta ikacheza. Akapeleka simu ya maandishi Los Alamos: ni mtoto wa kiume. Sijui filamu gani ingethubutu kumwandikia mhusika wake mstari huo.

Machi 1, 1954, huko Bikini, katika Pasifiki hiyohiyo, likalipuliwa jingine. Walitarajia megatani 6 hivi, zikatoka 15. Mafuta ya bomu hilo yalikuwa na lithiamu ya aina mbili. Ya aina moja waliijua kazi yake. Ile ya aina ya pili waliihesabu kama abiria tu, kumbe nayo ilikuwa inapiga kasia. Majivu ya matumbawe yaliwaangukia watu wa visiwa jirani vya Rongelap, na yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Walirudi bandari ya Yaizu katikati ya Machi, ngozi zimeungua. Kwa hiyo Oppenheimer alipokuwa akilitamka neno lile Washington, wavuvi walikuwa hospitalini Japani. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huohuo.

Nairudia sasa hoja ya panga. Ni kweli kwamba kuua hakuhitaji uzuri. Lakini panga humtumia mtu ambaye ameshachukia, au ameshalazimishwa na wenye chuki. Fermi hakumchukia mtu. Bethe hakumchukia mtu. Ungewapelekea watu hawa chuki wangekufukuza mlangoni. Ili waingie, kitu kilihitaji kuwafikia kwa mlango mwingine, na mlango waliouacha wazi, kama tunavyouacha sisi sote tunaopenda kazi zetu, ni ule wa kazi safi. Ndiyo maana naona wanaoushuku utamu wameelewa jambo ambalo wenye kutafuta vicheko na nywele timtim hawataliona kamwe.

Kuna upande mmoja zaidi, na huu unatugusa tunaosoma Kiswahili. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, karibu na mji unaoitwa leo Likasi. Mawe ya huko yalifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingineko wachimbaji walihangaikia mawe yasiyofika hata asilimia 1. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alikuwa ameshapeleka New York zaidi ya tani 1,000 mwaka 1940, zikakaa ghalani hadi jeshi la Marekani lilipokuja kuzinunua Septemba 1942. Waliochimba na kuchambua mawe yale kwa mikono walikuwa Wakongo, na kwao Shinkolobwe ilikuwa kazi tu, nzito na yenye vumbi. Sengier alipewa nishani ya Marekani. Wachimbaji hawakuambiwa walichokuwa wakikichimba. Mgodi ulizibwa kwa zege kabla ya uhuru wa 1960, lakini watu wakarudi kuchimbua kobalti kwa majembe, na mwaka 2004 ukaporomoka ukaua. Ukitaka kujua uzuri ule ulikuwa wa nani, mpangilio wa watu unaanzia hapo: wenye mawe mikononi hawakuona chochote cha kupendeza, wenye kalamu waliona, na mwishoni mwa mstari wako wavuvi.

Oppenheimer aliondolewa kibali chake cha kuona siri za serikali Juni 1954. Sababu zilizotajwa katika uamuzi wa mwisho zilikuwa urafiki wake na wakomunisti na uongo alioutoa kwa maofisa wa usalama, ila jopo lililomchunguza lilikuwa limetaja pia shaka juu ya msimamo wake kuhusu bomu la haidrojeni. Desemba 2022, serikali ya Marekani ilitangaza kuufuta uamuzi ule kwa kuwa taratibu zilikiukwa, na nadhani ilifanya haki. Alikuwa ameadhibiwa, miongoni mwa mengine, kwa kulipinga bomu. Kuhusu mwaka 1951, alipoacha kulipinga kwa sababu limependeza, hapakuwa na shtaka lolote la kufuta.