Doa Jeupe Kwenye Mlango wa Kizazi: Litibiwe Leo au Lingojewe?

Ni wanawake wangapi katika nchi zinazoendelea wana mabadiliko ya seli yanayotangulia saratani ya mlango wa kizazi? Majibu hupishana sana, na si kwamba kuna anayedanganya. Inategemea wamepimwa akina nani, na kwa kipimo gani.

Tuanze na HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa ngono na ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2010, uliojumlisha tafiti za dunia nzima, ulikuta HPV kwa takriban wanawake 12 kati ya 100 ambao seli zao zilikuwa sawa. Afrika Mashariki walikaribia 34. Ukiisoma peke yake, idadi hiyo inatisha. Lakini maambukizi mengi huisha yenyewe ndani ya miaka miwili hivi, na mabadiliko mepesi ya seli nayo mara nyingi hupotea bila dawa. Ya kuogopwa ni yale ya daraja la tatu, yaani makali zaidi kabla ya kufikia saratani. Katika hospitali moja ya Auckland, New Zealand, wanawake wenye mabadiliko hayo waliachwa bila matibabu ya kutosha, jambo ambalo nchi hiyo bado inalionea aibu. Karibu 31 kati ya kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30.

Sasa njoo Nairobi, ambako kipimo kinachojulikana zaidi katika zahanati za umma ni siki. Muuguzi anaweka spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, anamulika, anapaka siki kwa pamba, kisha anangoja kama dakika moja. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe. Ikiwa inafaa kutibiwa, anaweza kuigandisha au kuichoma kwa kifaa cha joto siku hiyohiyo, na mama akaenda zake.

Wanaolalamikia utaratibu huu hawasemi ovyo. Hata uvimbe wa maambukizi ya kawaida unaweza kuonyesha weupe, na jicho la muuguzi mmoja si jicho la mwingine, kwa hiyo wapo wanaochomwa bila haja. Tena mwanamke anayeambiwa "umekutwa na dalili" bila maelezo anarudi mtaani kwake Kayole akiamini ana kansa, na nyumba nzima inaingia msibani. Halafu umri ukishapita miaka 50, sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imerudi ndani, siki haiifikii.

Lakini mfikirie mama mboga anayeambiwa aende hospitali kubwa akakatwe kinyama cha kupimwa. Kuna nauli ya matatu, siku nzima bila mauzo, na wiki za kusubiri majibu. Wengi hawarudi. Matibabu ya papo hapo huchukua dakika chache, na mara nyingi anachobaki nacho ni maumivu kidogo ya tumbo na majimaji kwa wiki kadhaa. Mimi naona heri kadhaa watibiwe bila ulazima kuliko mmoja mwenye daraja la tatu aponyoke.

Hapo sisemi siki inatosha. Ushahidi wa India umegawanyika: Mumbai, ilipotumika kila baada ya miaka miwili, vifo vilipungua kwa asilimia 31, lakini Osmanabad, siki ya mara moja haikupunguza vifo kwa kiasi cha kuridhisha, ilhali kipimo cha HPV kilivipunguza kwa karibu nusu. Ndipo mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri kipimo cha HPV kitangulie, kuanzia miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao hatari yao ni kama mara sita zaidi. Na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, jambo linalowaondolea wengi aibu ya kupanda kitandani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mabishano haya yanawahusu wachache. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta ni kama 16 tu kati ya wanawake 100 wa miaka 30 hadi 49 waliowahi kupimwa. Makadirio ya 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 5,200 nchini, na vifo zaidi ya 3,200.

Kwa hiyo kipimo cha HPV kije, tena haraka. Ila zahanati ambayo sampuli zake zitakaa maabara wiki tatu isinyang'anywe siki kwanza, kwa sababu mama mboga yule wa kutorudi atakuwa bado ni yuleyule.