Ukurasa wa kanisa uanze na kalenda, usianze na kamera

Jumapili jioni pitia kurasa za mitandaoni za makanisa yetu hapa Moshi. Picha thelathini, arobaini: mchungaji ameinua mkono, kwaya imependeza kwa sare mpya, mzee wa kanisa ameshika mkungu wa ndizi kwenye mnada. Chini yake maneno mawili matatu: "Ilikuwa ibada ya baraka." Aliyekuwepo atatafuta sura yake, atabonyeza moyo, atapita. Asiyekuwepo hajaambulia kitu. Hajui lilihubiriwa neno gani, hajui ibada ijayo inaanza saa ngapi, hajui ni nani wa jumuiya yake amelazwa ili akamwone.

Nimeshika ukurasa wa usharika wetu wa Kilutheri kwa miaka minne, na miwili ya kwanza nilifanya hivyohivyo. Aliyenigeuza ni bibi mmoja wa Uru ambaye miguu imemkatalia kushuka mjini. Nilifuatana na mchungaji siku ya Jumatano kumpelekea Chakula cha Bwana. Tulipomaliza, mjukuu wake akafungua simu kumwonyesha picha za Jumapili. Bibi akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali, akairudisha. Akaona kitambaa cha madhabahu kimekuwa cha kijani, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, picha ni nzuri. Mchungaji alisema nini?"

Sikuwa na jibu. Wakati wa mahubiri nilikuwa nazunguka na kamera.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja, na ndilo ninalolitetea hapa: maudhui ya kanisa yapangwe kabla ya ibada, na yapangwe kwa ajili ya mtu ambaye hatafika. Muuguzi wa hospitali ya KCMC anayetoka zamu ya usiku Jumapili asubuhi. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Konda wa daladala ya Himo, ambaye Jumapili ndiyo siku yake ya abiria wengi. Kijana wetu aliyehamia Dar es Salaam na bado hajapata usharika wa kukaa. Ukiwaweka hao mbele, utajua wiki hii uandike nini.

Watu wakisikia habari ya kupanga maudhui wanadhani ni kazi ya mtaalamu mwenye kompyuta kubwa. Sisi Walutheri mpango tunao tayari, umetundikwa ukutani sakristia, chumba anachojiandalia mchungaji. Kalenda ya kanisa inaipa kila Jumapili kichwa chake na masomo yake, mwaka mzima, kuanzia Majilio, zile wiki za kuingoja Krismasi. Unajua leo kitakachosomwa miezi mitatu ijayo. Unajua pia sikukuu zinavyohama: Pasaka ya 2025 ni Aprili 20, ya 2026 ni Aprili 5, na ya 2027 ni Machi 28. Hilo si jambo dogo huku kwetu. Pasaka yetu inaangukia kwenye masika, barabara za kupanda Kirua na Kibosho zinateleza, na mtu wa mlimani anahitaji kujua mapema kama ibada ya Ijumaa Kuu ni saa nne au saa tisa ili apange na mwenye gari. Ukimwambia usiku wa Alhamisi Kuu umemchelewesha.

Kwa hiyo tunakutana Alhamisi, watu wanne, baada ya mazoezi ya kwaya. Tunaishusha kalenda, tunaiweka juu ya meza, na mchungaji anatueleza kwa dakika kumi anaelekea wapi na somo la Jumapili. Usiku huohuo tunaposti masomo pamoja na swali moja la kutafakari, ili watu waje wamekwisha kuyasoma. Jumamosi tunatoa matangazo: saa za ibada, nyumba zitakazopokea ibada za nyumba kwa nyumba wiki hiyo, majina ya wanaotangaziwa ndoa. Hayo matangazo ndiyo yanayosomwa kuliko chochote tunachokiweka, kuliko hata kwaya. Watu wa Pasua wanayaforwadi kwenye magrupu ya ukoo.

Jumapili mchana ndiyo kazi yenyewe: sauti. Fundi mitambo anachomeka waya kutoka kwenye mikisa, mashine inayokusanya sauti za maikrofoni, kwenda kwenye simu, mahubiri yanarekodiwa safi bila mwangwi wa jengo wala kikohozi cha watu. Mahubiri yanakwenda dakika arobaini, tunakata sita. Kuchagua hizo sita ni kazi ngumu kuliko kupiga picha mia, kwa sababu lazima uwe umesikiliza. Hatuchukui mahali watu waliposhangilia. Tunachukua pale wazo lilipokamilika, ili mtu aliyesikia hizo sita tu aondoke na neno zima. Sauti ya dakika sita iliyobanwa vizuri kwa ajili ya WhatsApp inaweza isifike hata MB 2. Video ya urefu huohuo inaweza kula makumi ya MB, na mtu wa bando la siku hataifungua. Kurusha ibada mubashara ni jambo jema kwa mwenye uwezo, silipingi, ila usharika wenye simu moja na fundi mmoja uanze na sauti.

Na hapa Moshi sauti ina historia yake. Kuanzia mwaka 1963 Walutheri walikuwa na redio kubwa Addis Ababa, Sauti ya Injili, mpaka 1977 serikali ya Ethiopia ilipoitaifisha. Vipindi vya Kiswahili viliandaliwa kwenye studio ya mji huuhuu, kanda zikasafirishwa hadi Addis, zikarushwa hewani, zikarudi kusikika huku mlimani na kwingineko. Fikiria maana yake. Kipindi cha Pasaka kilipaswa kuwa tayari muda mrefu kabla ya Pasaka, la sivyo hakisikiki. Wazee wale walilazimika kukaa chini wakajiuliza nani atasikiliza, yuko wapi, anahitaji nini. Sisi tuna simu inayofika popote kwa sekunde moja, tukaacha kujiuliza.

Sasa niseme linaloniuma zaidi.

Kila mwaka idara ya diakonia inagawa unga, maharage na sabuni kwa familia zenye shida. Mwaka mmoja nilipiga picha. Mama mmoja alisimama mbele ya madhabahu, mfuko wa unga mikononi, anatazama chini. Mwenyekiti kamshika bega, anatazama kamera. Nikaposti nikidhani naonyesha upendo wa kanisa. Wiki iliyofuata yule mama hakuja ibadani. Nikamfuata nyumbani, Njoro. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, hakunifokea. Akaniambia tu kwamba binti yake wa kidato cha pili aliikuta ile picha kwenye simu ya mwenzake, na tangu hapo hataki kusali kwetu. Nilikaa pale na kile kikombe mkononi nikakosa pa kuangalia. Picha niliifuta usiku uleule, lakini ilikuwa imeshaforwadiwa na watu nisiowajua.

Bwana alisema katika mahubiri ya mlimani kwamba utoapo sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Sisi tunaupigia mkono wa kulia picha, na pamoja nao uso wa anayepokea. Naomba kila mwenye kushika simu ya kanisa aache. Ukitaka kuonyesha diakonia piga magunia yaliyopangwa, piga mikono ya kina mama wanaofunga mifuko, taja kiasi kilichokusanywa ili waliotoa waone hesabu. Inatosha. Kwa msibani vivyo hivyo: jeneza na uso wa mfiwa anayelia si maudhui ya kanisa.

Tena sasa liko na suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ninavyoiona inagusa hata usharika mdogo, maana picha ya mtu yenye jina lake na dini yake ni taarifa binafsi. Watoto ndio wa kuangaliwa zaidi. Picha ya darasa la kipaimara yenye majina kamili na shule wanazosoma haina sababu ya kuwa hadharani. Muombe mzazi ruhusa kwanza, na akikataa usimlazimishe kwa maneno ya kiroho.

Mengine ni mafupi. Nywila ya ukurasa wawe nayo watu wawili na mchungaji, kwa sababu kijana aliyeufungua ataenda chuo na ukurasa utabaki bila mwenyewe. Namba ya sadaka ikae mahali pamoja, juu kabisa, isibandikwe chini ya kila neno la Mungu. Matapeli wanafungua akaunti kwa majina ya wachungaji kuomba pesa za maombezi, na mshirika akijua namba halali iko wapi hataibiwa kirahisi.

Desemba ndiyo inayotupima. Kuanzia katikati ya mwezi mlima unajaa: mabasi kutoka Dar, magari ya familia, ndugu waliokaa mwaka mzima hawajaonana. Ubatizo, kipaimara na ndoa vinasongamana kwenye wiki mbili. Zamani kila mwaka tulikuwa na familia inayofika tarehe 23 na mtoto amevaa gauni jeupe, haina barua kutoka usharika inakoabudu, wazazi hawajapata mafundisho, na mwinjilisti analazimika kuwarudisha huku shangazi analia. Sasa tunaanza Oktoba, wakati watu wanafikiria nauli. Tunaposti kila wiki, kwa maneno yaleyale: barua inapatikana kwa nani, mafundisho ni siku zipi, siku ya mwisho ya kuandikisha ni lini, mpigie nani. Hatuweki picha. Krismasi iliyopita hakuna familia iliyorudishwa.

Alhamisi hii kalenda iko mezani kwa mwezi wa Septemba, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Watoto ishirini na wanane wataigiza na kuimba. Mwalimu wa Sunday school ameshagawa orodha: kila mmoja wetu wanne ana wazazi saba wa kuwapigia, kuuliza kama mtoto wao anaweza kuonekana. Wangu wa kwanza ni yule mama wa Njoro, maana mdogo wake yule binti yumo kwenye igizo. Sitampigia. Nitakwenda mwenyewe.