Kamba ndefu kuliko mti

Mwaka juzi nilituma hela nyumbani Kibosho, Moshi, ikatwe miti mitatu ya mgrivea kihambani, yaani kwenye shamba linalozunguka nyumba, nipate mbao za kupaulia. Nikiwa huku Uswidi nilipiga hesabu ya kila kitu: ya kukata, ya kupasua, ya kubeba hadi barabarani. Mdogo wangu akafuatilia kibali, akakipata. Walipomaliza mti wa pili akanipigia simu: "Kaka, umeshuka vizuri, haujagusa hata kahawa. Ila dogo mmoja wa kamba ameumia."

Anayevijua vihamba vyetu ameshaelewa. Mti uko katikati ya migomba na kahawa, hatua chache kuna jiko la mama, upande wa pili mpaka wa jirani. Hauna pa kuangukia. Basi mtu anapanda na panga, anapunguza matawi, anafunga kamba juu, halafu vijana wanavuta huku mwenzao anaukata chini kwa chenso, msumeno wa mashine. Kamba ya siku ile ilikuwa fupi kuliko mti. Yaani wale vijana walisimama palepale mti ulipokuwa unakuja kulala, tegemeo lao ni kukimbia, na miguuni wamevaa kandambili. Mmoja akateleza kwenye mfereji. Tawi likamvunja mtulinga. Ana miaka 19.

Huku Småland ninakoishi, wakulima wengi wana misitu yao. Karibu nusu ya misitu ya Uswidi ni mali ya watu binafsi. Baba mkwe wangu ni mmoja wao. Siku ya kwanza aliponichukua msituni hakuniruhusu kushika chenso. Alinitaka kwanza nikadirie urefu wa mti kwa macho, nizidishe mara mbili, kisha nihakikishe ndani ya umbali huo hakuna mtu mwingine zaidi ya mkataji. Ndipo akaanza kazi. Alikata pengo upande mti utakakolalia, akazunguka nyuma akakata tena, lakini hakumaliza. Alibakiza ukanda mwembamba, kama sehemu moja ya kumi ya unene wa shina. Ukanda ule unafanya kazi ya bawaba ya mlango: mti unashuka unakoelekezwa, haujizungushi. Kabari mbili zilizopigwa nyuma zikausukuma. Tena suruali yake ina nyuzi ndefu ndani: mnyororo ukigusa kitambaa, nyuzi zinachomoka na kujisokota kwenye mashine hadi isimame kabla haijafika kwenye nyama. Na tangu Desemba 2014, anayetumia chenso kazini lazima awe amefaulu mafunzo ya darasani na ya vitendo.

Sisemi huku watu hawafi. Dhoruba ya Januari 2005, waliyoiita Gudrun, iliangusha kusini mwa nchi karibu meta za ujazo milioni 75 za miti, na wako waliokufa baadaye wakiisafisha. Mti uliopinda chini ya mwenzake ni kama upinde uliovutwa. Ukiukata upande usio wake unakurudia. Baba mkwe akifika kwenye mti wa namna hiyo ananyamaza, anauzunguka mara mbili tatu kabla ya kuwasha mashine.

Nikiyasimulia haya, ndugu zangu hunijibu kwamba wenzetu wana hela. Kwa suruali nakubali, ni ghali. Lakini kurudi nyuma hatua hamsini kunagharimu nini? Kabari ya mti mgumu seremala yeyote wa Moshi anaichonga kwa dakika chache. Wala elimu hatuko mbali nayo: Chuo cha Viwanda vya Misitu kiko Moshi hapohapo, na Olmotonyi kule Arusha kuna chuo cha misitu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003. Ila kijana wa kamba hajaajiriwa na mtu, ni kibarua wa siku moja. Kile kibali chetu kilihusu mti tu. Mkataji hakuna aliyemuulizia.

Na mimi sikumuulizia. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimuuliza mdogo wangu mbao za mbili kwa nne zitatoka ngapi, zitakauka lini, nani atalinda usiku. Sisi tulio nje ndio tunaolipa ukataji mwingi wa sasa vihambani, kwa hiyo sisi ndio waajiri, hata kama hatujawahi kujiita hivyo. Anayetuma hela ya mti atume na ya kofia ngumu, buti na kamba, tena aulize kabla, apigiwe picha aone.

Matibabu nimelipa. Mkono bado haupandi juu ya bega, na kijana anamuuliza mdogo wangu lini ataitwa kwa mti wa tatu, kwa sababu anahitaji ile hela. Huo mti bado umesimama. Nimetuma ya kununulia meta 50 za kamba, na nimesema mtu asiuguse mpaka apatikane fundi aliyesomea kazi hiyo. Mama analalamika kwamba kivuli kinamharibia maharage yake. Nimemwomba avumilie.