Rostam Shimoni: Nani Anachekwa?

Washairi wa Iran waliokuja baada ya mapinduzi ya 1953, yale yaliyomwangusha waziri mkuu Mosaddegh, wana shutuma moja isiyowaacha: eti wamewafanyia mzaha mashujaa. Rostam na Kaveh mhunzi, mashujaa wa Shahnameh, utenzi mkuu wa Iran, ni amana ya taifa, wasema walalamikaji. Ukishawacheka hao, utasimama na nani?

Hoja ina uzito. Mwaka 1959 Siavash Kasrai alimwimba Arash, mpiga upinde aliyetia uhai wake wote katika mshale mmoja ili kuweka mpaka wa nchi, bila chembe ya utani, na wasomaji waliovunjika moyo walimpokea. Naye Ahmad Shamlou, aliposimama Berkeley mwaka 1990 akamtetea Zahhak, dhalimu mwenye nyoka mabegani, na kumshutumu Ferdowsi, mtunzi wa Shahnameh, zogo lililofuata alijitakia.

Lakini kumtia Mehdi Akhavan Sales katika kapu hilohilo ni kutosoma. Rostam anajulikana kwa mitihani saba; Akhavan akamwongezea wa nane, shimo lenye mikuki alilotegewa na nduguye Shaghad. Usiku wa baridi, ndani ya mkahawa, msimulizi anaeleza jinsi shujaa alivyolala humo kando ya farasi wake Rakhsh. Kisha anasema jambo ambalo kila nikilirudia linanikaba: angetaka, angeirusha juu kamba yake ya vitanzi sitini, ikanase mtini, akapanda akatoka. Angetaka. Rakhsh amekufa, aliyemtega ni wa damu yake; atoke aende kwa nani? Kejeli ipo, ila haimlengi Rostam. Inawalenga wanaoota moto na kusikiliza. Katika sehemu ya pili ya shairi msimulizi mwenyewe hana nafasi tena mkahawani, televisheni imemwondoa.

Forough Farrokhzad ni mkali zaidi. Anaazima maneno ya wimbo wa kizalendo kuwa kichwa cha shairi, anapiga vigelegele kwamba ameshinda, halafu tunauona ushindi wenyewe: kaandikishwa, kapata kitambulisho namba 678, kanda ya 5, mkazi wa Tehran. Basi. Shujaa hatajwi, na kutotajwa kwake ndiko kunakouma.

Tena shimo lile hawakulichimba wao. Ferdowsi, aliyeikamilisha Shahnameh mwaka 1010, ndiye aliyetuonyesha Rostam akifia humo kwa hila ya ndugu wa baba mmoja.