Si Uende Serengeti Tu?

Aliyesema kupiga picha wanyama na ndege kunapunguza stresi, mtu huyo atakuwa anaishi porini peke yake. Huku kwetu Dar ukitoka nje na kamera yenye lenzi ndefu watu washakujua tayari, umetumwa na watu wa ardhi. Unaweza ukawa umemlenga mjusi wa watu, yule dume mwenye kichwa cha bluu anayepiga pushapu juu ya ukuta kuwatisha madume wenzie, mara mzee anatoka ndani na msuli wake, "Kijana, mnabomoa lini?" Namwambia shikamoo mzee, napiga picha mjusi. Ananitazama weee. "Marahaba. Mjusi." Halafu anarudi ndani kutafuta hati ya kiwanja. Kufika jioni mtaa mzima una habari kuwa barabara inapita, na yule wa kibanda cha chipsi kaanza kuulizia fidia.

Na ukijieleza ndo unaharibu kabisa. Ukisema mi napenda tu wanyama unaulizwa sasa si uende Serengeti? Yaani kwa Mswahili mnyama ni simba na tembo, hao wengine wote ni wadudu au mboga. Sijakataa kwenda, kiingilio chetu sisi wananchi sio cha kumtoa mtu roho, gari sasa! Nikiulizia bei ya kukodi gari napiga hesabu naona bora simba anifuate mwenyewe huku Mbagala.

Kwa hiyo hifadhi yangu ni Mikumi, tena Mikumi ya dirishani. Ile barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi, ukipanda basi la Mbeya umefanya utalii kwa nauli ya kawaida, na dereva hawezi kukimbiza maana kuna matuta na ukigonga mnyama faini yake ina bei kwa kila mnyama. Raha si ndo hiyo? Subiri twiga atokee. Basi zima linahamia upande mmoja, mama wa siti ya nyuma keshanilalia begani na mtoto wake na mfuko wake wa mahindi, konda anapiga kelele kaeni chini jamani kaeni chini huku yeye mwenyewe kasimama mlangoni anarekodi na simu. Twiga ndo mnyama wa taifa, nina picha zake za kutosha, na kila picha ina sikio la abiria.

Basi nikasema nibaki na viumbe wa nyumbani. Kuna kindege kimoja kinaitwa chozi, anakuja kwenye ule mti wa maua mekundu pale uani, dume, kifua chekundu na kakofia ka kijani, mzuri mpaka unamwonea wivu. Tatizo lake hatulii. Ukimlenga kahama ua, ukihama naye kahama mti. Halafu zile rangi zake za kung'aa zinategemea mwanga umempigaje, jua likiwa mgongoni kwako anawaka, likiwa nyuma yake umepiga kitu cheusi tu, na mwanga mzuri ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sasa nani katika nyumba ya kupanga ana uani wake saa kumi na mbili na nusu? Kuna foleni ya choo, kuna mtu anachota maji, kuna mtu anapiga mswaki na anasikiliza redio. Mi nimechutama nyuma ya pipa na kamera, mbele yangu mti, nyuma ya mti kamba ya nguo. Shemeji wa chumba cha tatu katoka na khanga moja, kaniona, mayowe yake yaliamsha mpaka watoto. Chozi kaenda zake. Mi nimebaki kuonyesha watu picha kwenye kioo cha kamera, oneni ni ndege, na kwenye ile picha ndege kashatoka, imebaki kamba.

Ambaye hakimbii ni kunguru. Huyo atakaa mbele yako akutolee macho mpaka wewe ndo uone aibu. Na hata sio mwenyeji, kaletwa Zanzibar toka India miaka ya 1890 eti ale taka. Taka hajazimaliza, yeye yuko kwenye vifaranga, kwenye mayai ya ndege wenzie na kwenye sabuni. Sabuni jamani! Mke wangu akiibiwa sabuni bombani ananiangalia mimi, "si rafiki zako hao". Memori kadi nzima ni kunguru.

Ila kazi moja wanaijua, kumfichua bundi. Ukisikia kunguru wamekusanyika kwenye mti mmoja mchana wanapiga makelele ya ugomvi, nenda kaangalie, kuna uwezekano wamemzingira bundi. Ndivyo nilivyompata yule wa kwenye mwembe, ana manyoya mawili yamesimama kichwani utadhani masikio na wala sio masikio, macho ya njano, kakaa kajikausha kama baba mkwe kwenye kikao cha mahari. Nilifurahi jamani. Mtu mwingine angekaa kimya lakini mi mdomo sina breki, nikamwambia jirani. Nikamwambia na kwamba bundi anakula panya, mifupa na manyoya anayatapika vidonge vidonge chini ya mti, na kesho alfajiri nitakuja kuvipiga picha.

Sasa hebu jiweke kwenye nafasi yao. Alfajiri, giza bado, mwanaume mzima kapiga magoti chini ya mwembe anaokota mifupa midogo midogo anaipanga kwenye karatasi nyeupe anaimulika na tochi, na juu yake bundi. Walionikuta walikuwa wanatoka kuswali. Hakuna aliyenisogelea, walisimama mbali wakaanza kusoma dua.

Nikaitwa kwa mjumbe. Kikao kizima, wamama wamekuja na viti vyao. Mmoja akasema toka nianze kushika hiyo kamera na mume wake hapati kazi. Nikaeleza panya, nikaeleza kidonge, nikaonyesha taya la panya nimelizumu mpaka meno yanahesabika, ikawa mbaya zaidi. Mjumbe kasikiliza wote, kakohoa, akasema atabaki na mimi faragha. Nikajua hapa nahama mtaa.

Watu walipotoka akavuta kiti karibu. "Sasa kijana wangu, hicho kimashine chako, mbuzi kinampiga?" Ana beberu anataka kumuuza kabla ya Idi, na picha za simu ya mwanae zinamwonyesha kakonda. Nikamtoa beberu juani, nikamweka upande wa mwanga, akatulia, akageuza shingo, akainua kidevu, hakuna mtu aliyeniuliza nabomoa lini. Beberu kauzwa siku mbili tu, tena kwa bei ya kuringa. Bundi karuhusiwa kukaa. Hela ya picha naambiwa nisubiri Idi ipite.