Kurudi Chuoni Missouri: Nani Aliitwa Nyumbani?

Mechi iliyokusanya watu zaidi ya 9,000 katika mji mdogo wa Columbia, jimbo la Missouri, mwezi Novemba 1911, iliisha kwa sare ya 3–3. Kwa timu zenye uhasama kama Missouri na Kansas, sare haikumridhisha mtu. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Missouri kinaihesabu siku ile kuwa mwanzo wa homecoming, yaani kurudi nyumbani, desturi ambayo leo iko karibu kila chuo cha Marekani: mara moja kwa mwaka, msimu wa futiboli ya Kimarekani, wahitimu huitwa warudi. Huwa na gwaride, bendi, mapambo mbele ya mabweni, mfalme na malkia wa wanafunzi, na mechi ndiyo kilele.

Chanzo cha wito ule wa 1911 kilikuwa hofu ya viti vitupu. Miaka ya nyuma timu hizo mbili zilikutana Kansas City, jiji kubwa lenye reli na mashabiki tele. Kisha shirikisho la vyuo likaamuru mechi zichezwe kwenye viwanja vya vyuo vyenyewe. Nani angesafiri hadi Columbia? Mkuu wa michezo, Chester Brewer, akawaandikia wahitimu warudi nyumbani kuitazama mechi. Wakaja kwa maelfu.

Missouri haiko peke yake katika kudai utangulizi. Baylor, kule Texas, kiliwaalika wahitimu wake Novemba 1909, ila sherehe ya pili ikangoja hadi 1915. Illinois kina hoja yake: mwaka 1910 wanafunzi wawili, Clarence Williams na Elmer Ekblaw, walipendekeza sherehe ifanyike kila mwaka, nayo ikafanyika. Ubishi wa nani alianza haunishughulishi sana, kwa kuwa jibu linategemea unachokihesabu. Kinachonishughulisha ni kwamba wazo lilizuka mahali kadhaa karibu kwa wakati mmoja. Reli zilikuwa zimefika, wahitimu walikuwa wametawanyika mijini, na vyuo vilikuwa vimegundua kwamba mtu aliyeondoka na shahada yake bado ana kitu cha kukipa chuo.

Hapo ndipo wakosoaji wanapoanzia, na hoja yao ina uzito. Wanasema desturi hii ni biashara iliyovishwa nguo za hisia. Mhitimu huoneshwa uwanja wa ujana wake, huimbishwa wimbo aliouimba akiwa na miaka 19, kisha huombwa mchango. Wanasema pia kwamba humfundisha mtu kukipenda chuo kwa sababu ya mpira, wakati maktaba na mihadhara ndiyo iliyomlea. Juu ya hayo kuna gharama ya usalama. Oktoba 2015, kule Stillwater, gari liliwavamia watazamaji wa gwaride la Oklahoma State na kuua watu wanne. Oktoba 2023 watu watano walijeruhiwa kwa risasi katika wiki ya sherehe ya Morgan State, Baltimore. Mwaka uliofuata, wiki ya sherehe ya mia moja ya Tuskegee iliishia kwa mtu mmoja kuuawa na wengine wengi kujeruhiwa. Makosa hayo si ya desturi yenyewe, lakini anayekusanya umati katika nchi yenye bunduki nyingi hivyo hawezi kuosha mikono.

Watetezi nao wana ya kusema. Wiki ya sherehe pale Missouri imekuwa pia wiki ya kuchangia damu, na chupa hukusanywa kwa maelfu. Hakuna biashara hapo. Wazee hukutana na vijana wasiowajua, na kijana wa mwaka wa kwanza hugundua kwamba kuna watu waliopita njia yake na wakafika. Pesa za wahitimu, hata zikiombwa kwa ujanja wa hisia, ndizo zinazowalipia ada wanafunzi wasio na uwezo. Sioni aibu katika kuombwa mchango na mahali palipokusomesha.

Lakini mizani hiyo ya pesa kwa undugu inaliacha nje swali ambalo kwangu ndilo kubwa. Mwaka 1911, mwito wa kurudi nyumbani ulipotoka, ni nani alikuwa na nyumba pale ya kurudi?

Uhasama wa Missouri na Kansas haukuzaliwa uwanjani. Katika miaka ya 1850 watu wa pande mbili za mpaka ule waliuana kwa sababu ya utumwa: Missouri ilikuwa jimbo la watumwa, na walowezi wengi wa Kansas hawakutaka utumwa uingie kwao. Mwaka 1863 wapiganaji wa William Quantrill, waliotokea upande wa Missouri, waliuteketeza mji wa Lawrence na kuua wanaume na wavulana zaidi ya 150. Lawrence ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Kansas. Mechi ya kwanza kati ya vyuo hivyo ilichezwa 1891, na waliofiwa walikuwa bado hai. Kwa hiyo sherehe ya kwanza ya Missouri ya kurudi nyumbani ilijengwa juu ya ugomvi wa utumwa, katika chuo ambacho mjukuu wa mtumwa hakuruhusiwa kujiandikisha.

Lloyd Gaines alijaribu. Alikuwa amehitimu Lincoln, chuo cha Weusi cha jimbo hilo hilo, kilichoanzishwa 1866 na askari Weusi waliopigana katika vita vya kukomesha utumwa. Akaomba kusoma sheria Missouri, akakataliwa kwa rangi yake, akaenda mahakamani. Desemba 1938 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo lazima limpe elimu sawa ndani ya mipaka yake. Miezi michache baadaye, Machi 1939, Gaines alitoka alikokuwa akiishi Chicago na hakuonekana tena hadi leo. Wanafunzi Weusi wa kwanza waliingia Missouri mwaka 1950, na Gaines mwenyewe alitunukiwa shahada ya heshima mwaka 2006.

Kuingia chuoni hakukumaliza jambo. Mwaka 1968 wanafunzi Weusi waliunda umoja wao, Legion of Black Collegians, baada ya mechi ambayo bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa ilipepea huku wimbo wa majimbo hayo, Dixie, ukipigwa. Miaka 20 baadaye, 1988, kaulimbiu ya sherehe rasmi ilisifu Mizzou, jina la utani la chuo hicho, ya zamani. Wanafunzi hao wakauliza ni zamani ipi hiyo inayotamaniwa, na wakaandaa sherehe yao wenyewe ya kurudi nyumbani, kwa kaulimbiu iliyodai Mizzou mpya.

Kisha ikaja Oktoba 10, 2015. Gwaride lilikuwa likipita Columbia, na rais wa mfumo wa vyuo vikuu vya Missouri, Tim Wolfe, alikuwa ndani ya gari la wazi. Wanafunzi Weusi 11 waliingia barabarani, wakashikana mikono mbele ya gari, wakaanza kutaja miaka kwa kipaza sauti, mmoja baada ya mwingine: 1839, chuo kilipoanzishwa, 1950, walipokubaliwa watu wa rangi yao, na matukio ya ubaguzi tangu hapo hadi wakati wao. Kwa maneno mengine walikuwa wakisimulia historia ya chuo, jambo ambalo gwaride lilidai kulifanya. Baadhi ya watazamaji wakasimama kati yao na gari, wakapaza kibwagizo cha timu ili kuwazima sauti. Wolfe hakushuka. Polisi waliwaondoa. Kikundi hicho kikajiita Concerned Student 1950. Mwanzoni mwa Novemba mmoja wao, Jonathan Butler, akagoma kula. Novemba 7 wachezaji Weusi wa futiboli wakatangaza kutoshiriki mazoezi wala mechi hadi Wolfe aondoke. Novemba 9 Wolfe akajiuzulu, na mkuu wa kampasi ya Columbia akatangaza siku hiyo hiyo kwamba naye anaachia ngazi.

Wapo wanaouona mwaka ule kuwa maafa. Hoja yao ina takwimu: ndani ya miaka miwili idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza ilishuka kwa zaidi ya asilimia 35, na baadhi ya mabweni yakafungwa. Wanasema sherehe ya umoja ilitekwa na siasa. Naielewa hasira ya aliyeleta watoto kutazama bendi akakuta vurumai. Lakini siasa ilikuwamo tangu 1911, na kwa muda mrefu aliyeishi kwa raha ndani yake hakulazimika kuiona. Wanafunzi wale walichagua gwaride kwa sababu ndipo chuo kilipotangaza hadharani kwamba wote ni wana wa nyumba. Mahali pa kulipima dai hilo palikuwa pale pale.

Ukitaka kuona desturi hiyo hiyo ikifanya kazi mikononi mwa wenyewe, nenda Howard, Washington, chuo cha Weusi kilichoanzishwa 1867. Sherehe za kurudi nyumbani zilianza huko 1924, wakati vyuo vingi vya nchi hiyo vilikuwa vimewafungia milango. Kwa watu ambao utumwa uliwatenganisha mama na mwana mnadani, siku ya kukusanyika tena kila mwaka haikuwa anasa. Na hata huko haikukaa kimya. Kwa miaka mingi malkia wa Howard alikuwa msichana mwenye ngozi nyeupe kidogo na nywele zilizonyooshwa. Mwaka 1966 Robin Gregory aligombea akiwa na nywele zake za asili, afro iliyokamilika, na akazungumzia siasa za Weusi katika kampeni yake. Usiku wa kutangazwa, taa zilipoanza kuwaka jukwaani, watu waliuona kwanza mviringo wa kivuli cha afro ukutani. Ukumbi ukalipuka, na umati ukatoka barabarani ukiimba. Mwezi Machi 1968 wanafunzi wa Howard waliliteka jengo la utawala wakidai, pamoja na mengine, masomo yanayomhusu mtu Mweusi. Sidai taji lilisababisha mgomo, lakini vijana walionja nguvu yao pale kwanza.

Vyuo vyetu Afrika Mashariki navyo sasa vinawatafuta wahitimu wao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Baraza la Masajili linalowaunganisha wahitimu wake, na harambee za wahitimu si jambo geni tena. Anayefikiria kuiga gwaride na taji aanze na orodha ya waliofukuzwa, waliogoma na waliokatiwa masomo, aone kama nao wamo kwenye mwaliko.

Pale Missouri kukawa na sherehe mbili, ile rasmi na ile ya umoja wa wanafunzi Weusi. Wanaotaka ziunganishwe wanasema chuo kimoja hakiwezi kuwa na nyumba mbili, na nia yao naamini ni njema. Lakini sherehe ya pili haikuzaliwa kwa kupenda kujitenga. Ilizaliwa kwa kukataa kualikwa kwenye zamani ambayo babu zao walikuwa watumwa, na mwenye uamuzi wa kuifunga ni wale walioianzisha na wanaowarithi. Chuo kinaweza kuifadhili sawasawa na ile nyingine, kikalisimulia jina la Gaines kila mwaka mbele ya uwanja uliojaa, na kikasubiri.