Nyumba Nzima Wamejazana Ukumbini

Jamani, miye sina ugomvi na mtu. Nina kibanda changu hapa Chake Chake, naandika barua za maombi, natoa fotokopi, na msimu wa harusi ukifika natengeneza kadi. Laptopu ndiyo jembe langu. Na jembe lenyewe limegoma: ule mstari wa kuonesha diski C, ghala la humo ndani, imejaa kiasi gani umekuwa mwekundu kama macho ya mvuvi aliyerudi dago. Mama wa bi harusi kakaa benchini anasubiri kadi mia mbili, mashine inaniambia hapana nafasi.

"Mwanangu, nafasi ya nini? Karatasi si hizo hapo?"

Nimjibu nini?

Siku niliyoinunua, boksi liliandikwa GB 128. Kuifungua nakuta 119. Nikamwendea muuzaji mishipa ya shingo imenisimama. Kumbe kwenye kupanda kila ngazi ya kipimo, kama kutoka MB kwenda GB, wenye kutengeneza diski huhesabu kwa 1,000, na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Kila mtu na pishi yake, na pishi zikiwa mbili anayepunjika ni mnunuzi. Hapo Windows 11 bado haijakaa, nayo yataka diski isiyopungua GB 64 ndipo ikubali kuingia. Juu yake kuna programu, na picha za harusi za watu ambao wengine washaachana, mimi bado nawatunzia.

Na kila programu mpya ikija, haipigi hodi, inakwenda moja kwa moja C. Kwa nini C? A na B zilikuwa za disketi, zile bapa za zamani. Disketi zimekufa zamani, herufi zao zimekaa tu hazina wa kuzirithi. Huku kwetu hitma haijasomwa, kofia ya marehemu ishapata kichwa!

Basi nikamwita mtoto wa kaka yangu, yuko likizo. Akaja na diski yake ya nje ya TB moja, nusu imejaa filamu. Akaichomeka, ikajiita D.

"Ami, mbona rahisi. Fungua setingi, ingia mfumo, halafu hifadhi, halafu zile setingi za ziada. Pana pahala panauliza vitu vipya viwekwe wapi. Kwenye programu mpya, toa C weka D. Bahati diski yangu ina mpangilio uitwao NTFS, ingekuwa na ule wa fleshi za kawaida ingekukatalia."

Nikabonyeza. Nikasubiri. Nikanywa kahawa kikombe kizima. C bado nyekundu.

"Mbona hazihami?"

"Nimesema mpya, Ami. Za zamani unazihamisha moja moja."

Tukaingia kwenye orodha ya programu. Kila moja ina vidoti vitatu pembeni. Ukivibonyeza, yenye adabu inakuonesha neno la kuhamisha. Hizo ni zile zilizotoka kwenye duka la humo humo ndani ya Windows. Ile ya kuchorea kadi ikakubali, nyingine tano zikaifuata. Lakini zile nilizotiliwa kwa fleshi, ya hesabu na ya kuskani, hata neno lenyewe hazina. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hizi zina miaka mitatu, na anayelima ni miye.

"Hizo mpaka uzifute, uziweke upya. Na zikikuuliza zikae wapi, usibonyeze 'endelea, endelea' kama kawaida yako."

Kanipata hapo. Miye kila kinachouliza najibu endelea, mtu anatia saini deni hajasoma. Nikaifuta ile ya hesabu, nikaiandikia D kwa herufi kubwa. Ikaenda, lakini mizigo mingine ikaiacha kule kule C. Sawasawa na mke aliyekwenda kwao kwa hasira: mwenyewe hayupo, kabati lake lipo, na ufunguo kaondoka nao.

Hata hivyo C ikapata GB 11, mstari ukarudi buluu. Nikachapa kadi mia ya kwanza, nikaagiza haluwa ya Wete nimtulize mama wa watu.

"Ila Ami, diski hii usiichomoe. Programu zako sasa zinaishi humu."

Nikaapa. Nikaibana kwa solotepu, nikamkaripia mtoto wa jirani hata kabla hajaisogelea. Mlinzi nikawa miye.

Siku ya tatu nafungua kibanda asubuhi, ile ya kadi ipo kwenye skrini, naibonyeza wala haishtuki. Natafuta D, hakuna D. Natazama pembeni, solotepu inaning'inia peke yake.

Nikapiga simu. Nasikia upepo na injini.

"Ami, nisamehe! Likizo imekwisha, na filamu zangu zimo humo. Nipo kwenye boti, ndiyo kwanza tunaiona Nungwi."

Sijakata simu, mama wa bi harusi huyo mlangoni, kanga mbili, pochi kwapani.

"Haya mwanangu, kadi zangu zilobakia?"

"Ziko baharini, Bi mkubwa. Zinakwenda Unguja."

Akanitazama kutoka kofia mpaka makubadhi.

"Zinafuata nini Unguja, na harusi iko Chake?"